Wanaouliza "mtoto lini?" waniulize mimi

Ndugu Mhariri,

Wiki tatu zilizopita ukurasa wenu wa afya ulikuwa na makala kuhusu wanandoa wanaochelewa kupata mtoto. Niliisoma nikiwa nimesimama kando ya mizani pale Mwaloni, Kirumba, ambako ni karani katika ghala la dagaa, nikalikunja gazeti zima nikalitia kwapani, na jioni tukaisoma tena nyumbani Igoma, mimi na mke wangu. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi: mirija kuziba, uvimbe kwenye kizazi, mvurugiko wa homoni, umri kwenda. Zote zilikuwa za mwanamke. Mwanamume alitajwa mara moja tu, mwishoni kabisa, katika sentensi iliyomshauri amvumilie mwenzake. Juu ya makala kulikuwa na picha ya dada aliyekaa kitandani, kichwa ameinamisha, mkono mmoja tumboni. Mke wangu aliitazama ile picha kwa muda, akasema, "Huyu naye walimuuliza," kisha akaendelea kuchambua mchele.

Sina ugomvi na mwandishi wa makala hiyo, kwa kuwa yote aliyoyaandika ni kweli kwa upande wake. Ila upande alioacha kuuandika ndio ninaokaa mimi, na kwa kuwa wanaume wa upande huu hatuna desturi ya kuandika barua kwenye magazeti, naomba nafasi niueleze.

Nianze na harusi. Mwaka juzi binamu yangu alioa, na sherehe ilifanyika katika ukumbi mmoja huko Nyegezi. Mke wangu alikuwa miongoni mwa waliojitolea kuhudumia wageni, akipita katikati ya viti na trei ya soda. Shangazi yangu mmoja, ambaye ninampenda na ambaye alinilea miaka miwili nilipokuwa mdogo, alimsimamisha njiani, akaweka kiganja chake juu ya tumbo lake, akabonyeza kidogo kama anavyobonyeza papai sokoni, na kwa sauti iliyoushinda muziki akauliza, "Humu mnaweka nini miaka yote hii?" Meza nzima iliangua kicheko. Baba mdogo mmoja akadakia kwamba ng'ombe wetu kumi na wawili wamekwisha kuzaa huko walikopelekwa, wajukuu wao wanakamuliwa, lakini huku kwetu bado tunasubiri. Mke wangu alisema tu, "Shangazi, naomba nipite, soda zinapata moto," akaenda zake.

Mimi nilikuwa viti viwili kutoka hapo, na nilicheka pamoja nao. Siku hiyo nilikuwa ninafahamu kwa miezi mitano tayari kwamba tatizo ni langu.

Sasa nieleze tulivyofika hapo, maana nadhani nyumba nyingi za kanda hii zimefika kwa njia hiyohiyo. Tulifunga ndoa miaka tisa iliyopita. Mwaka wa kwanza hatukuulizwa na mtu. Mwaka wa pili maswali yalianza kwa utani, na mwaka wa tatu utani ukaisha, yakabaki maswali. Hapo ndipo mke wangu alipoanza kwenda hospitali, na ninasema mke wangu kwa makusudi, kwa sababu mimi nilikuwa natoa nauli. Alipimwa homoni, akapigwa ultrasaundi zaidi ya mara moja, halafu akaandikiwa kile kipimo cha picha ya mirija, ambapo dawa husukumwa kupitia mlango wa kizazi huku eksirei ikipigwa ili kuona kama inapita hadi mwisho. Alirudi nyumbani siku hiyo kwa bajaji, amejikunja, ameshikilia ubavu, na bado alinipikia. Mirija ilikuwa wazi yote miwili. Badala ya jibu hilo kunifanya nijitazame, lilitupeleka kwa waganga. Akanywa dawa za chango la uzazi, zile chungu za kwenye chupa za maji ya kunywa, akafukizwa, akaambiwa asile pilipili, akauziwa pakiti za "kusafisha kizazi" na mtu aliyekuja kwenye saluni akiwa amebeba mkoba. Miaka mitatu ilipita hivyo. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyeniambia mimi nikapime: si ndugu, si mganga, wala yule muuguzi aliyejaza kadi ya mke wangu na kuandika jina langu kwenye mstari wa mwenzi bila kuinua macho.

Aliyeniambia ni daktari mmoja kijana, na alisema kwa wepesi kama mtu anayeuliza saa. Alisema kipimo cha mbegu za mwanamume ndicho kilichopaswa kuwa cha kwanza, kwa kuwa ndicho rahisi kuliko vyote, hakichomi, hakikati, na bei yake haifikii hata robo ya ile picha ya mirija. Kati ya wanandoa wasiopata mtoto, alisema, karibu nusu utakuta mwanamume anahusika, ama peke yake ama pamoja na mkewe.

Wanaume wenzangu watanisamehe nikiwaeleza kipimo chenyewe kilivyo, maana nadhani hofu yetu nyingi ni ya kutojua. Unakaa bila kukutana na mkeo kwa siku kuanzia mbili hadi saba. Unapewa kikopo kidogo cha plastiki chenye kifuniko. Ukishindwa kutoa sampuli pale maabara, kama nilivyoshindwa mimi kwa sababu choo nilichoonyeshwa kilikuwa na foleni ya watu wa vipimo vya mkojo, unaruhusiwa kwenda kuitolea nyumbani, ilimradi uifikishe ndani ya saa moja na isipate baridi njiani. Kwa hiyo nilipanda bodaboda kutoka Igoma, kikopo kikiwa kifuani chini ya shati na juu ya shati sweta, katika jua la saa nne la Mwanza. Tulipofika Mabatini yule kijana akataka kukata kona aingie kituo cha mafuta. Nikamwambia hapana, twende. Akasema bosi, mafuta yakiisha tutasukuma. Nikamwambia tutasukuma. Aliniangalia kwenye kioo akidhani nimeiba kitu. Nilifika dakika ya hamsini na mbili, na mhudumu wa dirishani akauliza kwa sauti mbele ya benchi la akina mama, "Wewe ndiye wa mbegu?" Sitaitaja maabara hiyo, ila kama kuna mahali pa kuanza kurekebisha ili wanaume wasikimbie, ni pale dirishani.

Majibu yalionyesha mbegu chache, na nyingi kati ya hizo hazina mwendo. Nikaambiwa nirudie baada ya takribani miezi mitatu, kwa kuwa mbegu huchukua zaidi ya siku 70 kutengenezwa na kukomaa, na kipimo kimoja kinaweza kuharibiwa na homa ya wiki chache tu zilizopita. Nilirudia. Yalikuwa yaleyale. Nilimweleza mke wangu usiku huohuo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema maneno ambayo hadi leo sijui kama nilistahili kuyapokea: "Tusiwaambie. Mimi wamekwisha kunizoea kunisema. Wewe hawatakuacha." Nami nikakubali. Kwa miezi 14 nikamwachia abebe maswali yangu, ikiwa ni pamoja na lile la shangazi kwenye harusi.

Najua wapo watakaosema kwamba maswali haya ni utamaduni na kwamba yana mapenzi ndani yake. Nakubali kwa sehemu. Salamu zetu zenyewe zimejengwa juu ya familia: mtu akinikuta asubuhi Mwaloni huniuliza habari za nyumbani na kama watoto hawajambo, nami humjibu hawajambo, wala hapana uongo hapo, kwa kuwa ni salamu na salamu hujibiwa kwa salamu. Anayesalimu hasubiri maelezo. Tofauti iko kwa yule anayeuliza kisha akabaki amesimama, ameinua nyusi, akingoja umfungulie kabati. Huyo hasalimii tena. Na mara nyingi huwa tayari ana jibu lake mfukoni na anatafuta tu mhuri: kwamba binti alitoa mimba akiwa shuleni, kwamba alichoma sana sindano za uzazi wa mpango, kwamba alikuwa na mambo mengi mjini kabla ya kuolewa.

Hayo ya sindano niyaseme kidogo kwa sababu yamemuumiza mke wangu kuliko mengine. Ni kweli kwamba baada ya kuacha sindano, mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa, hata ikakaribia mwaka. Lakini inarudi, sindano haiui kizazi. Na kuhusu hayo mengine ya ujana wake, magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia yanaweza kweli kuziba mirija yasipotibiwa, lakini mwanamke hayapati hewani. Tena sisi wa Kanda ya Ziwa tuna jambo letu ambalo ni nadra kutajwa kwenye vikao vya kulaumiana. Nimekulia Misungwi, ambako tulioga kwenye malambo na mashimo ya maji ya mashamba ya mpunga, wavulana kwa wasichana, na kukojoa damu lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba wengine tuliliona kama dalili ya kukua. Kumbe kilikuwa kichocho cha mkojo, kile ambacho konokono wake hukaa kwenye madimbwi na malambo ya bara, tofauti na kile cha tumbo kinachosumbua zaidi watu wa pwani ya ziwa. Mayai ya mnyoo huyo yanaweza kukwama kwenye shingo ya kizazi na hata kwenye mirija ya mwanamke, yakaleta vidonda, damu na maumivu yanayofanana na ya ugonjwa wa zinaa, na kwa wengine yakazuia mimba. Kwa hiyo kuna wake ambao wamebebeshwa jina la uasherati kwa sababu ya maji ambayo mama zao waliwatuma wakayachote. Dawa yake, prazikwanteli, ni vidonge, na watoto wa shule hugawiwa, ila dawa inayoua mnyoo haifuti kovu ambalo tayari limekwisha kubaki.

Kwangu mimi daktari hakupata chanzo. Aliniuliza kama niliwahi kuugua matumbwitumbwi baada ya kubalehe, kama niliwahi kuumia korodani, kama navuta sigara, akanipima kama kuna mishipa iliyovimba. Hakuna. Aliniambia wanaume wengi wa hali yangu huondoka bila jibu hilo. Nilitamani sana liwepo, niwe na kitu cha kulaumu.

Nilichojifunza vilevile ni jinsi lugha yetu ilivyotusaidia wanaume kujificha. Tuna neno tasa, nalo huambiwa mwanamke, huambiwa pia ng'ombe. Neno mgumba kamusini ni la wote, lakini mtaani sijawahi kulisikia likielekezwa kwa mwanamume aliye mzima. Mwanamume tunamjua hanithi, na hanithi ni habari nyingine kabisa; jogoo wa mtu anaweza kuwika kila alfajiri na bado mbegu zisitoshe. Pale ghalani wenzangu hawakuweza kuvitenganisha vitu hivi viwili hata nilipowaeleza polepole. Mmoja, mpakiaji mwenye watoto saba, alinitazama kuanzia kiatuni hadi kofia, akasema, "Lakini mbona una nguvu?" Kisha kesho yake, baada ya wenzake kwenda kunywa chai, akanifuata nyuma ya magunia na kuniuliza kwa kunong'ona kipimo kile kinafanyika wapi, kwa ajili ya mdogo wake.

Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa ni ugumba pale mimba inapokosekana baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana mara kwa mara bila kinga, na katika ripoti yake ya Aprili 2023 lilieleza kwamba takribani mtu mzima 1 kati ya 6 duniani huipitia hali hiyo wakati fulani wa maisha yake. Mimi hupanda Haisi kila siku. Tukijaa abiria 18, kwa hesabu hiyo, watatu wetu tunaijua habari hii, na huenda mmoja wao ndiye huyo konda anayemwambia dada aliyesimama, "Mama kijacho, sogea nyuma kidogo."

Jina hilo, mama kijacho, tumelisikia sana. Mhariri unajua adabu yetu: mwanamke mtu mzima haitwi jina lake hivihivi, huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Ndiyo maana swali la kuudhi kuliko yote huja likiwa limevaa nguo za heshima. Mke wangu akifika dukani, kwenye kikoba, kwenye jumuiya, kliniki, mtu humuuliza kwa upole kabisa, "Wewe ni mama nani?" Akisema bado, basi kuna kimya kidogo, halafu ama wanamrudisha kuwa binti, wakamwita kwa jina lake la shuleni mbele ya wadogo zake wanaoitwa Mama Fulani, ama jirani mmoja mchangamfu anaamua kumpa moyo na kumwita Mama Kijacho. Alimwita hivyo miaka minne. Mwaka wa kwanza lilikuwa dua. Kufikia mwaka wa nne ilikuwa ni kama kumwita kipofu Macho Mazuri.

Tumejaribu majibu mengi. Mwanzoni tulikuwa tunasema tunamwachia Mungu, na jibu hilo hufungua mahubiri, kwani utatajiwa Sara, utatajiwa Hana, utapewa namba ya mchungaji. Kisha tukajaribu utani, kwamba tunajenga kwanza, na wakaanza kuuliza nyumba imefikia wapi. Tukajaribu kusema "mwakani", na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote, kwa kuwa mwakani ilipofika tulikuwa na deni, na wadai walikuja wakiwa na ushahidi: "Si ulisema?" Mke wangu alijaribu kukaa mbali na watu, akaacha kwenda kwenye ubatizo na arobaini za watoto, akapeleka mchango kwa simu, na hapo akaongezewa sifa ya pili, kwamba ana kijicho. Kuna msiba mmoja Magu alikokwenda kwa sababu msiba haukwepeki, na hata pale, katika kumenya viazi, mama mmoja alimuuliza siku atakayokufa nani atalia mbele ya jeneza. Alinisimulia tukiwa kwenye basi la kurudi, akitazama dirishani, kisha akasema viazi vyenyewe vilikuwa vibovu.

Ushauri wa faragha ulikuwa mbaya zaidi ya maswali ya hadharani. Mimi niliambiwa na ndugu zaidi ya wanne "nijaribu nje", yaani niende kwa mwanamke mwingine nikapime kama mashine inafanya kazi, ushauri ambao, kwa majibu niliyokuwa nayo mfukoni, ulikuwa ni kumpelekea mwanamke wa pili tatizo lilelile na kumharibia jina naye. Mke wangu, baadaye, aliambiwa na mtu mzima wa ukoo wangu mwenyewe kwamba kitanda hakizai haramu. Sina la kuongeza hapo. Wengine walituambia tuchukue mtoto wa kulea, kwa wepesi wa mtu anayesema uchukue kifaranga, ilhali kuasili mtoto ni jambo zito lenye utaratibu wake katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, linapita ustawi wa jamii na kuamuliwa na Mahakama Kuu, na anayelifanya hulifanya kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili ya kuwanyamazisha majirani. Na tulipowahi kutaja upandikizaji, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kuwekwa kwenye kizazi, tukaambiwa mtoto wa chupa si mtoto. Wa kwanza wa aina hiyo alizaliwa Uingereza Julai 1978, amekuwa mtu mzima, na amezaa wa kwake bila chupa yoyote. Kwa wanaume wa hali yangu kuna njia ambapo mbegu moja tu huchaguliwa na kudungwa kwa sindano ndani ya yai. Gharama yake kwa sasa imetuzidi, na bima tuliyo nayo haigusi huko; tunaweka akiba kidogo kidogo, na ningeomba tusiulizwe imefika ngapi.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa ushujaa wangu. Mwezi wa 14 baada ya majibu, kikao cha ukoo kiliitishwa Misungwi kwa ajili ya mpaka wa shamba, na mpaka ulipokwisha kuamuliwa baba mdogo yule wa ng'ombe akasema kuna jambo lingine dogo. Akaanza kueleza kwamba nyumba isiyo na mtoto si ndoa bali ni kupanga chumba pamoja, na kwamba wazee wamefikiria nioe wa pili. Mke wangu alikuwa nje na wanawake, lakini dirisha lilikuwa wazi na vyombo vilikuwa vimeacha kugongana. Nilisimama. Nilisema tatizo liko kwangu, limepimwa mara mbili, karatasi ninazo, tunatibiwa, na nikioa wanne wote wanne watakosa. Nilisema pia, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa, kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 9, inaieleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote, na kwamba mtoto hakutajwa humo. Sheria haikumgusa mtu. Ile sentensi ya kwanza ndiyo iliyowagusa. Kilipita kimya ambacho sijawahi kukisikia katika ukoo wetu, kisha mama yangu, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, akainuka, akatoka nje, akaenda kukaa kwenye mkeka karibu na mke wangu. Hakumwambia kitu. Alichukua kisu kingine wakaendelea kukata mboga.

Sitaki kudanganya kwamba baada ya hapo kukawa shwari. Sasa ninaletewa dawa mimi: mizizi, asali yenye vitu ndani yake, supu ya pweza kutoka kwa mtu aliyesafiri Dar es Salaam. Wapo walioacha kunitania na wapo waliozidisha. Na mke wangu ameanza kuulizwa swali jipya, mbona hajaondoka. Lakini lile la zamani limepungua sana upande wa ndugu zangu, kwa sababu tuliafikiana jambo moja: swali lolote la mtoto likitoka kwa watu wangu, ninalijibu mimi, hata kama limeelekezwa kwake, hata kama nipo upande wa pili wa chumba. Nasema, "Hilo ni langu, tunatibiwa, naomba tusiliongelee hapa." Maneno saba kwa jumla. Nimeyasema kwenye ubatizo, kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, na mara moja kwenye simu nikiwa katikati ya kupima gunia. Muulizaji hukosa pa kushika, kwa sababu alijiandaa kukutana na mwanamke atakayetazama chini.

Mwezi uliopita mama mmoja mgeni mtaani kwetu, muuza mchicha, alisimama mlangoni akataka kujua amwite mke wangu nani. Hakuuliza mama nani. Alisema, "Nikuite nani, mpendwa?" Mke wangu ana cherehani yake kibarazani na hushona sare za shule. Akafikiri kidogo, akamwambia, "Niite Fundi." Mtaa wote sasa unamwita hivyo, na hata yule jirani wa Mama Kijacho naye amelazimika, kwa sababu asipomwita Fundi hageuki.

Mke wangu amesoma barua hii kabla sijaileta. Alifuta sentensi mbili na kuniruhusu nyingine moja niliyodhani angeifuta. Jina langu ninaomba lihifadhiwe kwa ajili yake. Walionisikia Misungwi wanatosha.

Ombi langu kwenu ni dogo. Ukurasa wa afya utakaporudi kwenye suala hili, mwandishi aanze na kile kikopo cha plastiki, aeleze siku mbili hadi saba na saa moja ya kukifikisha, ili wanaume wakisome wakiwa peke yao. Na ile picha ya dada kitandani, naomba mumpumzishe. Mkikosa ya kuweka mahali pake, nitakuja mwenyewe ofisini kwenu nikae kitandani niinamishe kichwa, mradi mpiga picha asionyeshe uso, na isiwe siku ya Jumatatu, maana Jumatatu dagaa wa visiwani huingia kwa wingi na mizani haina mtu mwingine.

Ni mimi msomaji wenu,
Karani wa mizani,
Igoma, Mwanza.